Foleni ya tsunami inaanzia kilimani, sio ufukweni

Watu wakisikia niliwahi kuongoza magari wakati wa tahadhari ya tsunami swali lao la kwanza huwa ni lilelile, we ulisimama wapi, ufukweni? Nikiwaambia hapana, nilikuwa juu kabisa kwenye kona ya mwisho ya kilima, naona kabisa sura zinabadilika, wanadhani nilikimbia. Sasa acha nieleze kwa nini mtu wa kwanza kupangwa kazini, kabla hata ya yule wa kwenye mataa, inatakiwa awe wa juu, maana hili jambo halisemwi sana na ndo linaloamua kama walioko chini watasogea au watabaki wanapiga honi tu.

Mji wenyewe siutaji, haina haja, umekaa kama miji mingi ya pwani ilivyokaa: tambarare ndefu imejaa nyumba, reli inapita katikati sambamba na bahari, na njia mbili tu za kupanda kwenye mwinuko, moja ya lami ya leni mbili, nyingine nyembamba hata magari mawili yakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Mimi nilikuwa kwenye kikundi cha kujitolea, watu wa kawaida tu, fundi, mwalimu, dereva wa basi mstaafu, tumepewa reflekta, filimbi, tochi na redio za mkononi, na kazi yetu king'ora kikilia ni kushika makutano mpaka askari wa trafiki wafike, na mara nyingi wanafika sisi tumeshamaliza au tumeshashindwa, siwalaumu, na wao wamekwama kwenye foleni hiyohiyo.

Kuna alasiri moja king'ora kikalia, tetemeko lilikuwa la mbali sana kwa hiyo muda tulikuwa nao, nikapangiwa kona ya juu. Magari ya kwanza yakapanda vizuri, spidi nzuri, watu wametulia. Halafu ikaja pikapu moja nyeupe, nyuma imebeba magodoro na baiskeli ya mtoto, ilipopita tu kile kibao kinachosema hapa ni nje ya eneo la hatari, jamaa akawasha hazadi, akapaki nusu kwenye lami nusu kwenye majani, akashuka, akatoa simu akaanza kuirekodi bahari. Wa nyuma yake akaona mwenzie kasimama, naye akasimama. Wa tatu akataka kuwaovateki akakutana uso kwa uso na gari lililokuwa linashuka, wakabaki wanatazamana hakuna anayetaka kurudi nyuma. Haikufika hata dakika tano kilima chote kimeganda.

Nikamfuata. "Kaka, naomba usogee mbele, kuna uwanja kule." Akanijibu hata hajanitazama, "Mbele kuna nini tena, si tumeshapona hapa?" Nikamwambia, "We umepona. Geuka uwaone wenzio." Akageuka. Pale ulikuwa unaiona foleni yote, taa nyekundu za breki zimeshuka kilima, zimevuka reli, zimepotelea katikati ya nyumba huko tambarare. Hakusema kitu, akarusha simu kwenye siti akawasha gari akaondoka, na mimi nikabaki naangalia zile taa zinazima moja moja kuelekea chini, polepole mno, mpaka ule msogeo ufike relini zilipita dakika kadhaa.

Foleni ndivyo ilivyo, gari la mbele likisogea wa nyuma hajui papo hapo, kila dereva anasubiri wa mbele yake aondoke kwanza ndo naye atoe mguu kwenye breki, kwa hiyo dakika moja ya mtu mmoja kushangaa juu inalipwa na watu mia walioko chini. Na walioko chini ndo wenye hatari. Wa juu hana hatari yoyote lakini ndo ameshika njia yote mkononi, na yeye wala hajui, anajiona kamaliza safari.

Tangu hapo tukapanga upya. Mtu wa kwanza kuondoka king'ora kikilia anapanda na pikipiki moja kwa moja mpaka uwanja wa juu, anafungua geti, na anaanza kupanga magari kutoka mwisho kabisa wa uwanja kuja mlangoni, sio kuanzia mlangoni, maana ukiwaacha wachague wenyewe wote watapaki karibu na geti ili iwe rahisi kutoka na ndani ya muda mfupi geti limeziba wakati uwanja mzima uko mtupu. Wa pili anasimama kwenye kona baada ya kibao na ana neno moja tu la kusema, mbele, mbele, mbele, hajibu maswali, hatoi maelekezo ya choo kiko wapi, wala hasemi mawimbi yana urefu gani. Ukianza kujibu swali la dereva mmoja, dirisha linashushwa, gari linasimama, na umetengeneza foleni kwa mdomo wako. Wa tatu ndo anaenda kwenye mataa. Kibao chenyewe tulikihamisha, tukakisogeza mbele mpaka pale uwanja ulipo, ingawa kitaalamu usalama ulikuwa unaanza chini zaidi. Kule Wellington, New Zealand wana mistari ya bluu imepakwa barabarani kuonyesha mahali ambapo ukivuka umeshatoka kwenye eneo la hatari, na kwa mtu anayetembea ule mstari ni kitu kizuri sana, anajua nguvu zake azipeleke mpaka wapi, ila dereva ukimwonyesha mahali salama panapoanzia ujue hapohapo ndo atapaki.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wengi wanadhani ni suala la madereva wakorofi tu. Gari dogo likiwa kwenye foleni pamoja na mwanya wake linakula kama mita saba. Kwa hiyo kilomita moja ya leni moja ni magari kama 140, basi. Kama kila gari lina watu wawili hao ni watu 280 wametandazwa kilomita nzima. Leni moja ikitembea vizuri bila kusimama inapitisha magari kama 1,800 kwa saa, yaani 30 kwa dakika, na hiyo ni siku nzuri, weka makutano, mataa yasiyowaka, mtu anayekata kona, unabaki na nusu yake au chini ya hapo. Mtaa wenye nyumba elfu moja, kila nyumba ikatoa gari moja, kwa magari 15 kwa dakika unahitaji zaidi ya saa moja kuwatoa wote kwenye njia moja. Na nyumba nyingine zinatoa magari mawili, baba na lake mama na lake, kwa sababu hakuna anayetaka kuliacha gari lizame. Upande wa pili mtu anayetembea mwendo wa kawaida, ule ambao Japani wanautumia kwenye mipango yao wa mita moja kwa sekunde, kwa dakika 20 anakuwa kaenda mita 1,200. Mzee au mtu mwenye shida ya miguu wanamhesabia nusu ya hapo. Kwa hiyo kwenye mji ambao kilima kiko kilomita moja kutoka baharini, mwenye miguu mizima aliyepanda gari kajipunguzia nafasi yake mwenyewe, na kampunguzia na bibi ambaye hana jinsi isipokuwa gari.

Nilikuwa napenda kuwaambia watu habari za tsunami ya Japani ya tarehe 11 Machi 2011, sio kuwatisha, ila kwa sababu pale kila kitu kilipimwa baadaye. Tetemeko la saa nane na dakika 46 mchana, ukubwa wa 9.0. Kule Yuriage, mtaa wa mji wa Natori ulio tambarare kabisa, maji yalifika zaidi ya saa moja baada ya tetemeko. Saa moja nzima! Ungesema muda ulikuwa tele, lakini kulikuwa na makutano ya njia tano ambapo magari yalijaa na mawimbi yakawakuta watu wakiwa ndani. Serikali ya Japani ilipowahoji walionusurika kwenye mikoa iliyopigwa, asilimia 57 walisema walikimbia kwa gari na kama theluthi ya hao walikwama kwenye foleni, na kumbuka hao ni waliobaki hai ndo wanaohojiwa. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Desemba 2012, likaja tetemeko lingine la 7.3 pwani hiyohiyo na mji wa Ishinomaki ukajaa foleni tena, watu walewale walioona kwa macho yao, haijapita hata miaka miwili. Mtu akikuambia tatizo ni elimu tu, wakielimishwa wataacha magari, mwambie kuhusu Desemba 2012. Watu wanajua. Ila mvua, baridi, mtoto mgongoni, mama mkwe, na gari liko hapo mlangoni limejaa mafuta.

Kwa hiyo mimi sio wa upande wa "marufuku magari" wala wa upande wa "kila mtu na gari lake". Hata Japani kwenyewe kanuni ni kukimbia kwa miguu, lakini kuna miji ya tambarare ndefu ambayo ilikaa ikakubali kwamba bila gari wengine hawafiki, ikaanza kupanga nani atumie gari na apite njia ipi. Ninachobishana nacho ni kuachia mambo yajiamulie yenyewe.

Kitu ambacho lazima kiamuliwe kwanza ni tsunami ya karibu au ya mbali, maana hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Ya karibu ni ile tetemeko lenyewe limekutikisa wewe, kwa nguvu au kwa muda mrefu, hapo hakuna cha king'ora wala mkuu wa kikundi, maji yanaweza kufika ndani ya dakika chache. Siku ya mwaka mpya 2024 kule Noto, Japani, sehemu nyingine mawimbi yalifika karibu mara tu ardhi ilipoacha kutikisika, na barabara zilikuwa zimepasuka. Hapo ukisema uende kushika makutano unajiandikia kifo, kikundi chetu kilikubaliana ikiwa ya karibu hakuna anayevaa reflekta, kila mtu anapanda na wa mtaani kwake na anapiga kelele njiani wengine wamfuate. Ya mbali ni nyingine. Mwaka 2004 mawimbi yaliyofika Aceh, Indonesia kwa dakika chache yalichukua kama masaa saba kufika Somalia. Tarehe 29 Julai 2025 tetemeko la 8.8 la Kamchatka, Urusi liliipa Hawaii masaa kadhaa, na bado kisiwa chake cha Oahu kilikwama vibaya, kwa sababu ofisi, shule na maduka vyote viliwaachia watu kwa wakati mmoja na kila mtu akaingia barabarani kwenda kwanza nyumbani, ndo aondoke. Jeshi likafungua njia ya mlimani ya Kolekole Pass ambayo kwa kawaida ilikuwa imefungwa kwa umma ili watu wa upande wa magharibi wapate pa kutokea. Kwenye ya mbali muda upo, kinachokosekana ni mtu wa kusema nani aanze.

Na hapo kwenye kwenda nyumbani kwanza ndo penye kazi ngumu kuliko zote. Magari yanayoshuka. Mtu yuko kazini juu salama, king'ora kimelia, anashuka tambarare kumfuata mtoto shuleni, au mzazi, au mbwa, au hati ya nyumba, halafu akishafika chini anageuza na kuingia kwenye foleni ileile, maana yake ametumia barabara mara mbili na makutano mara mbili na ameongeza gari moja eneo la hatari ambalo halikuwepo. Kuna mama mmoja alinifikia pale juu akitaka kushuka, kafungua dirisha, mikono inatetemeka kwenye usukani, "Baba, niache nipite, mwanangu yuko shuleni." Nikamwambia, "Mama, shule imeshatoka, wanapanda kwa miguu na walimu, njia ya ngazi." "Una uhakika?" Kwa bahati nilikuwa na redio, nikamwita mwalimu wa kikundi chetu pale mbele yake, akajibu kwamba darasa la mwisho liko kwenye ngazi. Yule mama alizima gari palepale akaanza kulia, ikabidi nimwombe tena asogee maana na yeye sasa ameziba.

Bila ile sauti kwenye redio asingekubali na mimi nisingekuwa na haki ya kumzuia. Huwezi kumzuia mzazi kwa kumwambia sheria, unamzuia kwa habari. Kwa hiyo kazi ya kuzuia magari ya kushuka kiukweli inafanywa miezi kabla, shule inakubaliana na wazazi kwa maandishi kwamba king'ora kikilia watoto wanapandishwa, hawakabidhiwi chini, wanachukuliwa juu, na mahali pa kuchukulia panajulikana. Wazee wasioweza kutembea wanaandikwa na kila mmoja anapewa jirani mwenye gari anayeshinda hapohapo tambarare, sio mtoto wake anayefanya kazi upande wa pili wa mji. Ukishafanya hivyo wanaotaka kushuka wanapungua sana, na wachache wanaobaki unaweza kuongea nao.

Kwenye makutano nitapita haraka kidogo maana mengi dereva yeyote anayajua. Hesabu kwamba mataa hayatawaka, umeme ndo kitu cha kwanza kuondoka. Mazoea ya watu umeme ukikatika ni gari moja la huku gari moja la kule, uungwana tu, na huo uungwana unaua, kwa sababu kila badiliko la zamu linapoteza sekunde kadhaa ambazo hakuna anayepita. Ruhusu kwa mafungu marefu, na njia inayotoka baharini ipewe zaidi, hata wa njia ya pembeni wakikutukana. Kukata kona kuvuka leni ya pili usiruhusu kabisa, wote wanyooshe, watageuzia juu. Usiku tochi ionyeshe unakotaka gari liende, sio usoni kwa dereva. Na usisimame katikati ya leni ukitegemea reflekta, watu waliochanganyikiwa hawakuoni.

Geti la reli ndo lilitusumbua zaidi ya mataa. Mageti mengi yametengenezwa ili hitilafu ikitokea yashuke na yabaki chini, kwa siku za kawaida ni salama, kwa siku kama hiyo ni ukuta. Treni imesimama haiji popote, geti liko chini, na madereva, hasa wale watiifu, wanakaa wanasubiri. Dereva wetu wa basi mstaafu alikuwa na kazi hiyo tu, kuhakikisha kwa redio na watu wa reli kwamba treni zimesimamishwa kisha kulinyanyua geti kwa mkono na kuwapitisha. Bila hilo jibu la treni haligusi geti, anawashusha watu kwenye magari wavuke kwa miguu.

Pikipiki zinapita popote, ziache zipite, ila zisiende upande wa leni ya kushuka mpaka zikaziba kabisa. Banda Aceh tarehe 11 Aprili 2012, tetemeko la 8.6, barabara zilijaa magari na pikipiki pande zote mpaka hakuna kinachokwenda, na majengo marefu ya kukimbilia yaliyojengwa baada ya 2004 wengi waliyapita wakitaka kwenda mbali zaidi. Bahati ardhi siku ile ilisogea kwa ubavu badala ya kunyanyuka, wimbi kubwa halikuja.

Sasa kuna lile swali ambalo hakuna anayependa kuulizwa, lini unawaambia watu washuke kwenye magari waache. Sisi tulikuwa na saa ya kukata, tunaiweka kutokana na makadirio ya maji kufika, tunatoa muda wa mtu kutembea kutoka relini mpaka juu, tunaongeza nafasi ya wanaotembea taratibu, na ikifika hiyo saa foleni ikiwa bado imevuka reli basi walioko upande wa bahari wote wanashuka. Unatembea na foleni unagonga vioo. Maneno tuliyatengeneza mafupi, "Shuka, acha funguo, usifunge milango, panda." Ukisema "tunashauri" hashuki mtu. Gari linasogezwa pembeni kwanza, na funguo zinabaki humo kwa sababu wa nyuma akikuta limeziba alisukume au aliendeshe, Japani wanawafundisha madereva hivyohivyo kwa ajili ya matetemeko, na wanawaambia wachukue kadi ya gari waondoke nayo. Wabishi wapo. Nilichojifunza ni kwamba mmoja akishuka, hasa mwenye gari zuri, wa nyuma yake wanashuka bila hata kugongewa, kwa hiyo usianze na mbishi, anza na yule ambaye tayari ameshafungua mlango anachungulia. Na asiyeamini mweleze kwamba maji ya sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo na 60 yanabeba karibu gari lolote, na yakishakandamiza mlango kutoka nje huufungui kwa nguvu za mkono.

Wakati huohuo unaangalia magari yenye nafasi. Utashangaa, foleni nzima kila gari lina mtu mmoja, na pembeni yake mzee anatembea na fimbo. Fungua mlango wa nyuma mweke, usiombe ruhusa ndefu. Sijawahi kukataliwa.

Saa ya kukata inatuhusu na sisi. Hili tuligombana sana kwenye kikundi, kuna waliosema mtu wa kujitolea haondoki mpaka gari la mwisho, na hayo ni maneno mazuri kwenye mkutano. Mwaka 2011 Japani ilipoteza wazimamoto wa kujitolea 254, wengi walikuwa wanafunga mageti ya maji, wanaongoza watu au wanarudi kumtafuta mtu mmoja aliyebaki. Baada ya hapo sehemu nyingi kule wakaweka kanuni kwamba ikibaki muda fulani kabla ya maji kufika wote wanaondoka, kazi imeisha haijaisha. Sisi alamu ya simu ikilia unavua filimbi unapanda. Anayebaki anawafanya na wenzie wabaki.

Vifaa, hapo sitaki hata kuanza. Ofisi moja ilitupa koni nyingi nzuri mpya zenye kuakisi, zikawekwa stoo, stoo yenyewe iko mita chache kutoka ufukweni na ufunguo ni mmoja na aliye nao anatoka saa tisa na nusu. Tukaandika barua, tukajibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Tukaishia kutumia ndoo kuukuu zilizopakwa rangi nyeupe, zinakaa nyumbani kwa anayekaa karibu na kila makutano, na zinafanya kazi ileile.

Kitu cha mwisho ambacho watu hawakihesabu ni kurudi. Wimbi la kwanza likija dogo, au lisionekane kabisa, baada ya kama saa moja uwanja mzima unaanza kuwasha magari. Hapo mtu wa kona ya juu anabadilisha kazi, alikuwa anasema mbele sasa anasema hapana, na hii ni ngumu zaidi kwa sababu watu wamechoka, watoto wanalia, na bahari inaonekana imetulia. Crescent City, California mwaka 1964 watu walirudi kusafisha maduka yao baada ya mawimbi ya mwanzo na lile kubwa likawakuta. Tsunami sio wimbi moja, zinakuja kwa masaa na ya kwanza mara nyingi sio kubwa. Sisi tulizuia kwa gari, tunalipaki basi kuukuu kukata barabara, dereva anaondoka na ufunguo, maana mtu akisimama peke yake pale na filimbi watamzunguka. Tukabandika karatasi kwenye kioo cha basi, njia inafunguliwa tahadhari ikiondolewa, na saa ya taarifa inayofuata imeandikwa kwa maka peni kubwa. Hiyo saa ndo iliyowatuliza kuliko maneno yote, hata kama taarifa yenyewe ikija ni "bado".

Na kufungua usifungue kwa wote mara moja, wanaoshuka wakikutana na wale walioacha magari relini utapata foleni ya pili kubwa kuliko ya kwanza. Wenye magari yaliyoachwa wanashushwa kwanza, kwa miguu, wakayatoe, ndo basi linasogezwa.

Kwa sasa wenzangu waliobaki wanavutana na mwenye shamba lililo jirani na ule uwanja wa juu, wanataka upande mmoja wa uzio uwe wa kufunguka ili mabasi yaingie huku na kutokea kule bila kugeuza, yeye kakubali lakini anataka kujua nani atarekebisha mitaro yake yakishapita. Swali la haki kabisa, na hakuna aliyemjibu bado. Zoezi linalofuata wamelipanga usiku, wanaomba na mvua inyeshe.